Alama moja, masjala saba: programu ya mawakili isinunuliwe kwa macho

Sabuni ya mche iliyotengenezwa Kagarama, wilayani Kicukiro, inaweza kupakiwa alfajiri na kufika Gatuna kabla ya chakula cha mchana. Mzigo usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, mfanyabiashara anajaziwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani na kuvuka bila ushuru wa forodha. Jina lililogandamizwa juu ya sabuni hiyo halivuki kwa urahisi huo. Likishaingia Uganda halina mwenyewe kisheria mpaka lisajiliwe Kampala.

Ofisi ya uwakili au kampuni ya Kigali inayotafuta programu ya kompyuta ya kusimamia alama za biashara, hataza na miliki ubunifu kwa jumla inapaswa kuanzia hapo mpakani. Mara nyingi huanzia kwenye skrini ya muuzaji, yenye rangi nzuri na michoro ya duara. Mfanyabiashara naye asidhani jambo hili ni la mawakili peke yao, kwa sababu ada ya programu mwishowe inaingia kwenye ankara yake, na tarehe ikisahaulika anayepoteza jina ni yeye.

Hesabu ya masjala ni hii. Kigali ni Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Nairobi ni KIPI, Kampala ni URSB, Dar es Salaam ni BRELA. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na sheria yake. Bujumbura na Kinshasa usajili uko chini ya wizara. Hizo ni saba, ukiacha Sudan Kusini na Somalia. Programu nyingi zinazouzwa kutoka nje zina sehemu moja tu iliyoandikwa "Tanzania", na wakili asiye mwangalifu huona cheti cha BRELA akaamini kuwa Unguja na Pemba zimo. Hazimo. Mzigo unaoshushwa bandari ya Malindi unahitaji cheti cha pili.

Jambo zito zaidi ni umri wa alama. Rwanda na Kenya hutoa miaka 10 tangu siku ya kupeleka maombi, kisha alama huhuishwa kwa miaka 10 mingine. Uganda na Tanzania Bara hutoa miaka 7 ya kwanza, na ni baada ya kuhuishwa mara ya kwanza ndipo inapoanza miaka 10. Chukua kampuni ya sabuni iliyopeleka maombi katika nchi zote nne tarehe 12 Machi 2019. Kigali na Nairobi alama inafika 2029. Kampala na Dar es Salaam inafika Machi 2026. Programu iliyofundishwa kwamba alama huishi miaka 10 kila mahali itakaa kimya miaka 3, ikionyesha rangi ya kijani, huku jina likiwa limefutika katika masoko mawili kati ya manne. Katika miaka hiyo mshindani yeyote wa Mbarara au Mwanza anaweza kuliomba kwa jina lake. Na mwenye sabuni akirudi na lori lake, atakayeitwa mwigaji ni yeye.

Kosa la aina hii halionekani siku ya kuonyeshwa programu. Linaonekana siku afisa anaposimamisha mzigo.

Tarehe za kuhuisha si pekee. Kenya, Uganda na Tanzania huwapa watu siku 60 za kupinga alama mpya baada ya kutangazwa. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno Kikoy, yaani kikoi chenyewe cha pwani, kana kwamba ni lake. Lilipingwa, na mwaka 2008 ombi likaachwa, kwa sababu wapingaji waliwahi ndani ya muda. Kuna pia suala la alama isiyotumika: Kenya mtu anaweza kuomba ifutwe baada ya miaka 5 ya kulala, Uganda miaka 3. Aliyesajili Kampala kisha akakwamishwa na mpaka wa Gatuna uliofungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022 anaelewa miaka 3 ni mifupi kiasi gani. Programu inapaswa kuwa na mahali pa kuweka ankara ya mwisho ya mauzo katika kila nchi, ili ushahidi wa matumizi usitafutwe kwenye magunia siku ya kesi.

Kenya imeongeza lingine. Sheria yake ya bidhaa bandia, iliyorekebishwa 2018, inataka haki zinazohusu bidhaa zinazoingizwa nchini ziandikishwe pia kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, mbali na usajili wa KIPI. Uandikishaji huo nao una muda wake. Muuzaji wa programu akiulizwa tarehe hiyo inakaa wapi, jibu lake litaonyesha kama anaijua kanda hii au ameiona kwenye ramani tu.

Halafu kuna njia ya Madrid. Rwanda imo katika Itifaki ya Madrid tangu Agosti 2013 na Kenya tangu 1998, kwa hiyo mwenye alama ya Kigali anaweza kuiombea Kenya kwa fomu moja inayopitia Geneva. Ila kwa miaka 5 ya mwanzo alama hiyo ya kimataifa inaning'inia kwenye ile ya nyumbani: ya Kigali ikianguka, ya Kenya inaanguka nayo. Mafaili hayo mawili lazima yafungwe pamoja ndani ya programu, moja likiguswa na la pili lilie. Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo hazimo Madrid, kwa hiyo fomu hiyo haifiki huko. Tanzania Bara haipokei hata madaraja mawili kwenye ombi moja. Kampuni yenye sabuni, daraja la 3, na kahawa ya pakiti, daraja la 30, inapeleka maombi mawili na kupata vyeti viwili, na kila kimoja kina tarehe yake.

Kwa mzigo huu wa tarehe, haishangazi kwamba biashara yenyewe ya kukumbusha tarehe ni ya zamani. Mwaka 1969 mawakala wa hataza walianzisha kisiwani Jersey kampuni ya kulipia ada za kila mwaka kwa kutumia kompyuta. Ndiyo iliyokuja kuitwa CPA Global, na mwaka 2020 ikaungana na Clarivate. Leo kuna Anaqua ya Boston, Patricia ya Wasweden, WebTMS na nyingine, na ni kazi za watu makini. Lakini zilijengwa kwa ajili ya wenye hataza maelfu. Ofisi ya mawakili wawili wa Kagarama wenye alama 30 haina sababu ya kulipa dola kila mwezi kwa kila anayeingia kwenye programu. Jedwali la Excel linalotunzwa vizuri, watu wawili wakilikagua kila Jumatatu na kila mmoja akiwa na kalenda yake, linatosha. Programu ianze kufikiriwa alama zinapokuwa nyingi kuliko kumbukumbu ya karani, au karani anapoaga.

Anayeamua kununua asome mkataba kabla ya kusoma bei. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu taarifa binafsi inataka taarifa hizo zihifadhiwe nchini, na kuziweka nje kunahitaji cheti cha mamlaka husika. Majina ya wenye alama, nakala za vitambulisho na simu zao ni taarifa binafsi. Seva iko wapi ni swali la kwanza. La pili ni namna ya kutoka: mkataba ukivunjika, je, ofisi itapewa rekodi zake zote katika faili linalofunguka popote, au itaachiwa picha za skrini? Nani atakayebadilisha kanuni sheria inapobadilika? Rwanda ilipata sheria mpya ya miliki ubunifu mwaka 2024 badala ya ile ya 2009, na programu ambayo haikuguswa tangu hapo ni kalenda ya mwaka jana ukutani.

Mfanyabiashara naye ana haki ya kudai jedwali lake mwenyewe: nchi, namba, daraja, tarehe, na hasa jina la mmiliki. Wapo wanaogundua wamechelewa kwamba msambazaji wao wa ng'ambo ya mpaka aliandika alama kwa jina lake. Ukumbusho pia umfikie kwenye simu anayoishika siku nzima dukani, sio kwenye barua pepe anayoifungua wakati wa kodi.

Lawama ya mwisho si ya wauza programu. Nchi 17, nyingi zikiwa za Afrika Magharibi na ya Kati, hutumia OAPI ya Yaoundé, na cheti kimoja huwafikisha kote. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, ina ibara ya 43 ya ushirikiano katika miliki ubunifu, lakini masjala ya pamoja haipo. Arusha imerahisisha cheti cha gunia na kuliacha jina la kwenye gunia lipange foleni mara saba.

Kwa sasa, jaribio la kumpa muuzaji ni dogo. Apewe faili moja la kweli: alama ya sabuni, nchi nne, maombi ya Machi 2019, pamoja na Zanzibar. Aiingize mwenyewe mbele ya wanunuzi, kisha programu iulizwe tarehe inayofuata Dar es Salaam. Ikijibu 2029, chai inywewe na muuzaji asindikizwe hadi kituo cha basi.