Tutembee Kabla Hatujatembezwa

Mtu mzima akionekana Goma anatoka Birere kwenda Keshero kwa miguu, huulizwa maswali mawili tu: pikipiki yako imeharibika, au umefiwa? Kutembea kwetu kumekuwa alama ya ufukara au ya balaa. Hata chukudu, chombo cha mbao tulichokisimamishia sanamu mjini, nashuku tunakiheshimu kwa sababu kina magurudumu. Dharau hii ya miguu ni kosa, ndugu zangu, na wa mwisho kustahili kulifanya ni sisi wa Goma.

Januari 1977 volkeno yetu, Nyiragongo, ilipasuka, na ziwa lake la moto likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, watu wakamiminika Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilisimama Buhene, pembeni mwa mji, na siku tano baadaye tukaamriwa kuzihama kata 10 kati ya 18. Mimi nilishika barabara ya Sake, kilomita zipatazo 25. Magari yalibanana yakasimama. Wazee wa vijijini walitupita na magodoro kichwani, na sisi watu wa mezani, tuliotembea mara ya mwisho tukiwa shuleni, tulikuwa tumekaa juu ya mabegi yetu pembeni ya njia, viatu mkononi. Na vita, ambavyo sitavihesabu hapa, kila mmoja anajua vimemtembeza mara ngapi.

Basi tujifunze kutembea kwa hiari. Sitawaletea hoja ya afya. Madaktari watasema moyo, watasema sukari, na wana haki, nawaachia. Hoja yangu ni kwamba mguu hauazimwi siku ya haja.

Vijana watatu wa mtaani kwetu wamenijia. Wanataka kuitembea njia ya Congo-Nile, ile inayoanzia Rubavu, ng'ambo tu ya mpaka, ikafuata Kivu hadi Rusizi: kilomita 227, siku kumi hivi kwa miguu. Wataondoka kiangazi, mpaka ukiwaruhusu. Wamenunua mabegi mazuri sana. Nikawauliza, mmeshatembea hadi wapi? Wakajibu kwamba mazoezi watayapata njiani.

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mimi nami niliwahi kuipanda Nyiragongo hivyo hivyo. Kutoka Kibati hadi ukingoni ni kilomita 8 tu, nikazidharau. Sikujua kwamba ndani ya hizo 8 mtu hupanda karibu mita 1,500, hadi 3,470. Kupanda nilipanda, kwa kiburi. Kesho yake, katika kushuka, ndipo mapaja yalipoanza kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na kucha mbili za miguu zikageuka nyeusi. Siku mbili zilizofuata nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, watoto wakinitazama. Kupanda hukata pumzi tu, na pumzi hurudi ukisimama. Kushuka ndiko kunakovunja misuli, na dawa yake ni moja: kushuka mara nyingi, kidogo kidogo, wiki kadhaa kabla.

Kwa hiyo vijana, anzeni sasa, Aprili hii, katika mvua. Msingoje njia ikauke. Kiatu kisichowahi kuloa ukiwa nacho mguuni hukijui bado. Mawe yetu ya volkeno yanakula soli kama panya, na soksi iliyolowa ikijikunja kisiginoni inatosha kumrudisha mtu nyumbani akiwa hajafika Mugunga. Jumamosi ya kwanza nendeni mwendo wa saa mbili, mrudi. Wiki ya pili ongezeni kidogo. Halafu tieni mzigo begani, na mtembee siku mbili mfululizo, kwa sababu ni siku ya pili inayosema kweli.

Ondokeni asubuhi, mvua nyingi hapa hushuka mchana. Lakini katika upande huo wa Mugunga na Bulengo msikae kupumzika kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri pasipo na upepo. Huko hulala mazuku, hewa nzito ya volkeno, isiyo na rangi, ambayo imeua mbuzi na watu. Pumzikeni barabarani, mahali pa juu, hata kama kivuli kiko chini.

Mtaniambia: mama zetu hutembea kila siku na hakuna aliyewafundisha. Wamefundishwa na njia. Jumamosi iliyopita nikirudi kutoka upande wa Sake nilimkuta mmoja kwenye mwinuko, gunia la viazi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Nilikuwa na chupa ya maji tu, nikampita kwa hatua ndefu. Mbele kidogo nikasimama kuhema, akanipita. Nikampita tena. Mara ya tatu nilimtazama vizuri: hatua zake fupi, unyayo mzima chini, hasimami, haongei, mikono imeshika mkanda pande mbili za kichwa. Aliponifikia akasema bila kugeuka:

"Papa, usikimbize mulima. Mulima haiendake fasi."

Nikakaa nyuma yake, nikaweka mguu wangu alipotoa wake. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikusikia pumzi yangu. Kisha kamba ya kiatu ikanifunguka, nikainama, naye hakungoja.

Nilipofika soko la kwanza la mjini alikuwa ameshauza viazi vyote. Alikuwa amekaa juu ya bidoni tupu, anakula muhindi wa kuchoma. Akanitazama miguu, akasogea, akanipisha nikae.