Korosho yavunja rekodi, nani atalipia utafiti?

MSIMU wa 2024/25 Tanzania ilikusanya zaidi ya tani 520,000 za korosho ghafi, kiasi ambacho hakijapata kufikiwa tangu zao hili lianze kulimwa kibiashara nchini. Tangu wakati huo kila mdau amejitokeza kudai sehemu yake ya sifa. Wapo wanaotaja pembejeo zinazogawiwa bila malipo, wapo wanaotaja daftari la wakulima, na wapo wanaosifu minada inayoendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, jina moja halisikiki sana katika shangwe hizo, nalo ni Naliendele.

Naliendele ni kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambacho leo kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza jina hilo linaweza lisiwe na uzito wowote. Kwa mkulima wa Newala, Tandahimba au Masasi, bila kituo hicho huenda mikorosho ya babu yake ingekuwa imekwisha kukatwa na kuwa mkaa.

Ikumbukwe kwamba rekodi ya leo imejengwa juu ya magofu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 na ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa korosho duniani. Miaka 13 baadaye, msimu wa 1986/87, mavuno hayakufika hata tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Operesheni ya vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mashamba yao, na mikorosho isiyopaliliwa ikamezwa na msitu. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi cha kumfanya aone ni heri alime muhogo. Kisha, kuanzia mwaka 1979, ukabainika ugonjwa wa ubwiriunga, kuvu inayofunika majani machanga na maua kwa unga mweupe hadi yanyauke kabla ya kutunga korosho.

Bei mbaya hurekebishwa kwa tangazo la waziri, lakini kuvu haisikii tangazo. Ilibidi watu wakae mashambani msimu baada ya msimu wakiangalia ugonjwa unaanzia wapi, unajificha wapi wakati wa masika, na unashambulia saa ngapi. Walibaini kwamba machipukizi yanayoota ndani ya mti, kwenye kivuli, ndiyo maficho yake, na kwamba kuyapogoa mapema hupunguza makali ya ugonjwa. Walibaini pia kwamba salfa ya unga, ikipulizwa alfajiri wakati upepo umetulia na umande bado upo juu ya majani, huzuia maua yasiungue. Wakati huo huo walichagua miti iliyozaa vizuri na kustahimili ugonjwa, wakaichanganya, na kuwafundisha wakulima kubebesha vikonyo vya miti bora juu ya miche ya kawaida. Kufikia mwaka 2000 mavuno yalikuwa yamerejea kwenye zaidi ya tani 100,000.

Kwa mtazamo wangu huu ni mmoja wa ushindi mkubwa wa sayansi katika historia ya nchi hii, na ni aibu kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuusikia, ilhali anafahamu vyema habari za James Watt na injini yake ya mvuke.

Lakini ushindi huo una gharama yake, na hapa ndipo suala linapokuwa gumu. Salfa haipotei hewani. Sehemu kubwa huanguka chini ya mti, na ikifika ardhini hubadilika na kuongeza tindikali kwenye udongo. Uchunguzi uliofanyika katika mikoa ya kusini miaka ya 1990 ulikwisha kutoa tahadhari hiyo, hasa kwa udongo wa kichanga ambao hauna nguvu ya kujikinga. Mkorosho wenyewe huvumilia tindikali kwa kiasi fulani. Mahindi, kunde na karanga, ambazo mkulima huzipanda katikati ya mikorosho ili familia ipate chakula, hazina uvumilivu huo.

Mtu wa mjini atauliza kwa nini basi wasitumie dawa za maji. Jibu ni kwamba uwanda wa juu wa Makonde hauna maji. Newala inafahamika kwa shida hiyo tangu enzi za ukoloni, na mama anayetembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja ya kunywa hawezi kuambiwa aimwage juu ya mti. Salfa ilipendwa kwa sababu ni unga. Suluhisho la kudumu ni mikorosho isiyohitaji kupuliziwa sana, yaani mbegu zenye ukinzani, na hilo haliagizwi kwa meli kama salfa yenyewe inavyoagizwa. Linatafutwa papa hapa.

Mikoa ya kusini ina kumbukumbu nzuri ya kinachotokea pale utafiti unaporukwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalishushwa, bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikatandazwa. Kilichokosekana ni subira ya kupima udongo na mvua kabla ya kuanza. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umeteketeza kiasi cha pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Tofauti kati ya karanga za Nachingwea na korosho za Naliendele haikuwa fedha, maana Waingereza walikuwa nazo tele.

Fedha, hata hivyo, ndizo zinazoleta mashaka leo. Kwa miaka kadhaa sheria ilitenga asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje kwa ajili ya kuendeleza zao lenyewe, ikiwamo pembejeo, huduma za ugani na utafiti. Korosho, kwa maneno mengine, ilikuwa ikijisomesha. Juni 2018 Bunge lilibadili utaratibu huo na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, licha ya upinzani mkali wa wabunge wa kusini kutoka pande zote mbili za ukumbi. Msimu uliotangulia mabadiliko hayo mavuno yalikuwa zaidi ya tani 313,000. Uliofuata yakashuka hadi kama tani 225,000, na kufikia 2022/23 yalikuwa chini ya tani 200,000. Si haki kuutwika uamuzi huo lawama zote, kwani hali ya hewa na vurugu za soko la mwaka 2018 zilichangia. Lakini si haki pia kuusafisha kabisa.

Miaka michache baadaye serikali ilikubali kurejesha sehemu ya makusanyo kwenye zao. Nyingi ya fedha hizo zinaonekana kwenda kwenye salfa na viuatilifu. Kisiasa inaeleweka, maana mfuko wa salfa unapigwa picha, na mkulima anaubeba nyumbani siku hiyo hiyo. Aina mpya ya mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mtafiti anahitaji mwongo mzima au zaidi kabla ya kuthubutu kumwambia mkulima aipande. Bajeti yetu ni ya mwaka mmoja, na Bunge letu la miaka mitano. Mtafiti anayeanza jaribio leo anawategemea mawaziri ambao bado hawajateuliwa. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana mwaka 2006 kila moja itenge angalau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na lengo hilo limebaki kwenye hotuba.

Lipo pia pengo la elimu kati ya kituo na shamba. Matokeo mengi ya utafiti huandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hata ofisa ugani wa kata hayaoni, na ofisa huyo mmoja mara nyingi anahudumia vijiji kadhaa akiwa na pikipiki isiyo na mafuta. Wataalamu wa nchi nyingine za Afrika zinazolima korosho wamefunga safari kuja kujifunza Naliendele. Mkulima wa umbali wa kilomita 100 hajafika.

Na bado hatujagusa kiwanda. Miongo kadhaa iliyopita Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa mitambo ya nje, na vingi viliishia kuwa maghala. Vietnam, ambayo mashine zake za ubanguaji zilibuniwa na kuboreshwa na mafundi wa nchini humo, imekuwa kinara wa kuuza korosho zilizobanguliwa duniani tangu mwaka 2006, na sehemu ya malighafi yake hutoka Mtwara. Mabibo, yenye uzito unaoizidi korosho mara kadhaa, huozea chini ya miti isipokuwa yale machache yanayogeuzwa juisi au uraka. Kongani ya viwanda ya Maranje inaweza kubadili hali hiyo, ikiwa mafundi wa kuitengenezea mashine wataandaliwa pamoja na majengo.

Kiwango cha chini cha ushuru kilichokuwa kwenye sheria wakati wa mjadala wa 2018 kilikuwa dola 160 za Marekani kwa tani. Kwa tani 500,000 hiyo ni dola milioni 80. Asilimia moja tu ya kiasi hicho, ikiwekwa kisheria kwa ajili ya utafiti na isiguswe kwa miaka 10, ni dola 800,000 kila msimu.