Kabla hujakubali DPF ya gari la familia itolewe

Taa ya njano ya DPF ikiwaka kwenye dashibodi, ushauri wa haraka ambao mzazi hupewa gereji ni kuifuta kwa mashine, na ikirudi, kukitoa kichujio kabisa. Gari litarudi kwenye nguvu zake, hilo ni kweli. Lakini masizi yaliyokuwa yakibaki ndani ya kichujio yatatoka nje, na watakaoyavuta ni pamoja na watoto wanaopita nyuma ya magari getini shuleni.

DPF ni kichujio cha masizi kinachofungwa kwenye bomba la moshi la magari ya dizeli ya miaka ya karibuni. Kikiwa kizima hunasa zaidi ya asilimia 90 ya masizi. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa sababu hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na pua yake iko chini, karibu na bomba la moshi. Mwenye pumu anaweza kubanwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mashine ya kupimia gari inatuhusu wazazi. Mashine nzuri huonyesha chanzo cha tatizo. Mashine duni huishia kufuta taa.

Kwanza hakikisha kichujio kipo

Mazda CX-5 ya dizeli inacho. Prado ya dizeli ya 2.8 kutoka Japani, iliyoanza 2015, inacho pia. Hilux nyingi za zamani hazina. Usinunue mashine ya kutibu ugonjwa ambao gari lako haliwezi kuupata.

Kwa nini kinaziba

Kichujio hujisafisha chenyewe kwa kuchoma masizi, joto la ndani likikaribia nyuzi 600. Joto hilo halipatikani kwenye safari fupi za Ligula hadi Shangani, kisha sokoni na kurudi nyumbani. Kutambaa taratibu kwenye mchanga wa Msimbati nako hakusaidii.

Kama taa ya njano ndiyo kwanza imewaka na gari halijapoteza nguvu, soma kitabu cha gari. Mara nyingi ushauri ni kuendesha mfululizo kwa dakika 20 hivi, injini ikizunguka kama mara 2,000 kwa dakika. Barabara ya kuelekea Mingoyo inafaa. Tumia gia ya chini kidogo ili injini ipate moto bila kuvunja 50 za vijijini. Taa ikianza kumweka, au gari likikosa nguvu, acha kujaribu na ulipeleke kupimwa.

Mashine ipi?

Ya kwanza ni kile kijisanduku cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Ni rahisi, lakini nakala hafifu ni nyingi, na programu za kawaida husoma namba ya kosa na mambo machache tu. Kwa magari ya soko la Japani huweza hata kukataa kuunganika. Kwa Ford na Mazda kuna programu ya FORScan inayoingia ndani zaidi, ila inategemea aina na mwaka wa gari.

Ya pili ni kifaa kidogo cha mkononi cha kusoma na kufuta makosa. Hiki ndicho kinachowaponza wengi, kwa kuwa kinazima taa huku masizi yakiendelea kujaa.

Ya tatu ni mashine yenye huduma ya DPF, kama baadhi ya zile za Launch, Autel na Foxwell. Kabla ya kulipa, ichomeke kwenye gari lako mwenyewe uone kama inaonyesha mambo manne: kiasi cha masizi, tofauti ya presha kabla na baada ya kichujio, joto la moshi, na umbali tangu kichujio kilipojisafisha mara ya mwisho. Kisha uliza kama inaweza kuliamuru gari lichome masizi. Muuzaji akikuonyesha picha ya boksi badala ya namba za gari lako, ondoka.

Kwa familia yenye gari moja, si lazima kuinunua. Majirani wanaweza kuchangia moja, au mkatafuta fundi mwenye nayo. Maswali ni yale yale.

Soma namba, usisome taa

P2463 maana yake masizi yamejaa, na masizi huchomeka. P242F ni majivu ya oili, na majivu hayachomeki. Hapo kichujio hufunguliwa na kusafishwa, au kubadilishwa. P2453 huelekeza kwenye sensa ya presha au mipira yake. Kuchoma hakuwezi kutibu mpira uliopasuka.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini. Tofauti ya presha inapaswa kuwa sifuri au karibu sana na sifuri. Ikiwa juu, anza na sensa kabla ya kukilaumu kichujio.

Watoto wakae mbali

Kuchoma masizi gari likiwa limesimama hutoa joto kali chini ya gari. Fanyeni mahali pa wazi, juu ya sakafu au ardhi tupu, mbali na nyasi na majani makavu ya mkorosho. Msifanye ndani ya banda la gari, kwa sababu moshi una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Watoto wasiwe karibu wala ndani ya gari.

Baada ya hapo angalia kijiti cha oili. Gari likijaribu kuchoma mara nyingi bila kumaliza, dizeli huweza kuingia kwenye oili na kuiongeza. Kwenye Mazda za dizeli kuna alama ya X juu ya ile ya kujaa, na oili ikiifikia, ibadilishwe. Tumia oili ya majivu kidogo inayotajwa kwenye kitabu cha gari, kama yenye alama ya JASO DL-1 kwa magari mengi ya Japani.

Dizeli nayo inunuliwe kituoni, si kwenye madumu. Januari 2015 Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na kichujio kinahitaji dizeli safi ya namna hiyo.

Siku ukipeleka gari gereji, mwombe fundi akuandikie namba za masizi na presha kabla ya kazi, na tena baada ya kazi. Zisiposhuka, tatizo bado lipo hata kama taa imezimika. Na akipendekeza kukitoa kichujio bila kukuonyesha namba yoyote, chukua funguo zako ukatafute fundi mwingine.