Vunjajungu si Mjapani

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Bariadi kufuatilia bei ya pamba. Jioni pale stendi nikamkuta dogo anacheza Pokémon kwenye simu. Kwenye kioo kuna mdudu wa kijani, mikono kama mundu. Nikamuuliza, "Dogo, huyu si vunjajungu?" Akaniangalia kama mshamba. "Hapana, braza. Huyu ni Scyther. Wa Japani."

Nimekasirika tangu siku hiyo, na si kwa dogo.

Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikamata wadudu mpaka wenzake wakamwita Dakta Mdudu. Mji ukapanuka, mabwawa na vichaka vikafukiwa, akataka watoto wa mjini waonje raha ile ya kuwinda. Gemu ikatoka 1996, imeshaingiza mabilioni ya dola. Mwaka 2022 wakamchukua hata yule anayeviringisha mpira wa mavi, wakamwita Rellor, ila mavi wakayageuza tope. Wastaarabu hao!

Sasa sisi. Kila kijana wa Dar anayetaka kutengeneza gemu "ya Kitanzania" ananionyesha Mmasai, mkuki na simba. Jamani! Simba Disney walishammaliza 1994.

Nendeni shambani Bariadi mkamwone kangambili, mwekundu na mweusi. Wakipandana wanaunganika nyuma kwa nyuma, mmoja anamburuta mwenzake kinyumenyume. Anatoboa tumba kufuata mbegu, ukungu unaingia, pamba inageuka manjano, na mkulima aliyetarajia bei ya pamba safi analipwa ya fifi. Adui gani wa gemu anamzidi huyo?

Au mbung'o wa pori la Maswa, Glossina swynnertoni, asiyepatikana popote duniani ila kaskazini mwa Tanzania na kusini-magharibi mwa Kenya. Jike hatagi mayai. Anabeba buu mmoja tumboni, anamlisha maziwa humo humo, anamzaa, na buu anajichimbia ardhini hapo hapo. Nani kati yenu angebuni hilo? Jina ni la Mwingereza, Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga (Bariadi ilikuwa mkoa huo hadi 2012). Jina limeshakwenda. Na sura yake tunasubiri nani aje kuichora?

Najua mtasema mkulima hana muda wa kuwashangaa wadudu, ana muda wa kuwapulizia dawa tu. Hata mjomba wangu wa Dutwa alinicheka: "Kangambili katutesa miaka yote, leo mnataka kumpa umaarufu?" Nikamwomba anieleze tabia zake. Wapi anajificha pamba ikiisha, anarudi lini, anapenda tumba la namna gani. Mzee akaongea nusu saa bila kupumua, mpaka chai ikapoa, na mimi mwandishi wa habari mzima sikuwa na kalamu.

Wachoraji, njia ya kwenda kwake naijua. Niandikieni.