USITIE SAHIHI KARATASI YA LORI KABLA YA KUISOMA



Mfanya kazi wa sehemu zetu hahami kwa starehe. Huhama kwa sababu tajiri amempeleka kituo kingine, au kazi imekwisha na nyumba ya kampuni yatakiwa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka 2009. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilikodishwa mwaka 2025 kwa kampuni nyingine kwa miaka 30. Siku kama hizo mtu ana haraka na moyo mzito, na hapo ndipo mwenye lori humletea karatasi ya Kiingereza na kumwambia, "Mzee, weka sahihi hapa tuondoke."

Mwanachama mmoja alitoa vyombo vyake Kitale kuvileta Myanga. Karatasi ilisema Shs. 18,000/-. Alipofika, dereva alisimamisha lori penye mwisho wa lami na kudai Shs. 9,000/- zaidi, ati kwa sababu ya barabara ya udongo na kazi ya taniboi. Turubali halikufunguliwa mpaka majirani walipochanga pesa. Watoto walikaa njiani hadi usiku.

Karatasi ile tumeiona. Juu imeandikwa kwamba bei ni makadirio. Chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba kupakia na kupakua si juu ya mwenye lori. Kwa hivyo juu ya taniboi dereva alikuwa na neno la kusema. Lakini juu ya barabara hakuwa na neno hata moja, maana Myanga iliandikwa kuwa mwisho wa safari.

Sasa sikilizeni sheria. Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012 yasema kwamba ukipewa makadirio, hutozwi zaidi yake kwa kupita asilimia kumi, isipokuwa wewe mwenyewe umetaka kazi nyingine iongezwe na mkakubaliana. Asilimia kumi ya Shs. 18,000/- ni Shs. 1,800/-, si Shs. 9,000/-. Tena sheria hiyo hiyo yasema kuwa ni hila mbaya kwa mtu aliyeshika mali yako kuitumia mali hiyo kukulazimisha ubadili mapatano. Mwenye lori aweza kudai bei mliyopatana. Hawezi kufanya kitanda chako kuwa rehani ili bei ipande. Mambo ya namna hii yaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Shs. 1,000,000/-, lakini utakwenda na nini ikiwa huna karatasi yako? Dai nakala siku ile ile, au uipige picha kwa simu kila upande, hata nyuma. Nyuma ndiko maneno hulala.

Neno baya kuliko yote ni lile la kusema mzigo unakwenda kwa hatari ya mwenyewe. Wazee waliosafirisha mizigo kwa reli watalikumbuka. Maana yake, kikivunjika, mwenye lori atasema hasara ni yako. Karatasi nyingine husema watalipa, lakini kwa kilo. Tuseme ni Shs. 100/- kwa kilo: televisheni ya kilo nane uliyoinunua Shs. 20,000/- italipwa Shs. 800/-. Uliza kama wana bima ya mizigo safarini, na uone hati yenyewe. Mdomo wa dereva si bima.

Orodha ya vyombo iandikwe mbele yako. "Masanduku 6" haitoshi. Sema ndani mna nini. Na kule mwisho wa safari utaletewa karatasi ya kusema umepokea vyote katika hali njema. Usikubali kuitia sahihi vitu vikingali ndani ya lori. Kabati likiwa limepasuka, andika kwa mkono wako "kabati limepasuka mlango", ndipo utie sahihi.

Tazama pia kodi ya VAT. Bei ikiandikwa kuwa bila VAT, asilimia 16 yaja nyuma, na asiyeandikishwa kwa kodi hiyo hana ruhusa ya kuidai. Arubuni ukiituma kwa M-Pesa, jina litokezalo kwenye simu lilingane na jina la kwenye karatasi.

Mwisho, jambo linalowahusu walio kazini. Ukihamishwa na tajiri, soma kwanza mapatano ya chama na waajiri wako juu ya gharama za kuhama. Ikiwa kampuni ndiyo ya kulipa, jina la kampuni ndilo liwe mahali pa mwenye kulipa, na mkubwa wa kampuni ndiye atie sahihi. Tumeona karani akimwambia mtu, "Tia sahihi wewe, tutakurudishia," na deni likabaki la mtu huyo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamlazimisha tajiri kumweleza asiyejua kusoma mapatano ya kazi kwa lugha aijuayo. Usingoje mwenye lori akufanyie hivyo.

Mwenye karatasi asiyoielewa ailete ofisi ya chama kabla ya lori kupakiwa. Makatibu wa matawi watamsomea kwa Kiswahili au kwa Kibukusu, bila malipo.