Usiioke Hiyo Kadi!

Mwezi huu naomba tuwaweke wakwe pembeni kidogo, tuongelee kitu kinachovuruga amani kimyakimya kwenye nyumba nyingi za vijana: kompyuta ya baba inapoanza kutoa mistari.

Nasema ile mistari ya rangi, vile viboksi vya kijani na zambarau vinavyotapakaa kwenye skrini, au skrini inayoingia giza huku feni bado zinaunguruma. Mara nyingi mgonjwa ni kadi ya grafiki, ile kadi kubwa yenye feni zake inayotengeneza picha unazoziona. Kwa mcheza gemu hiyo ni huzuni tu. Kwetu sisi ni mkate. Mume wangu huhariri video za harusi na kicheni pati wikiendi, na kadi ikigoma Alhamisi, bwana harusi aliyeahidiwa DVD na flashi yake Ijumaa hataki kusikia habari za kadi. Kununua mpya nako ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Na hapo ndipo linapokuja lile swali la upole: "Mke wangu, oveni ina kazi leo?"

Kwa wasiojua, kuna dawa ya mtaani ya siku nyingi. Mtu anatoa kadi, anaivua feni na plastiki zote, anaiviringisha foili kiasi, anaioka kwenye nyuzi joto kama 200 kwa dakika nane hadi kumi. Na ajabu ni kwamba wakati mwingine inaamka kweli! Rafiki yangu mmoja na mumewe walioka ya kwao, ikaamka, wakatutambia wiki tatu nzima. Wiki ya nne ikalala jumla.

Wanaooka hudai lehemu imepasuka na joto linaiyeyusha ikaunga upya. Sasa angalia hesabu. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, na viwanda vingi vikahamia lehemu isiyo na risasi, ambayo haianzi kuyeyuka mpaka karibu nyuzi 217. Ya zamani yenye risasi iliyeyuka kwenye 183. Kwa hiyo kwenye oveni ya nyuzi 200 lehemu ya kadi hizi haiyeyuki hata kidogo! Kinachotokea mara nyingi ni joto kutanua vitu ndani ya chipu yenyewe, kwenye vinundu vidogo mno vinavyoishikiza kwenye kitako chake, na nyufa zikagusana tena kwa muda. Ugonjwa wa aina hiyo si wa kuchezea. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za laptopu zilizofungwa kwa malighafi dhaifu. Ingekuwa oveni inatibu, wangenunua oveni.

Halafu kuna moshi. Plastiki na kemikali za kwenye ile kadi zikipashwa moto hutoa mvuke ambao sitaki uishi ndani ya oveni ninayookea keki ya mwanangu. Hapo kwangu hakuna mjadala.

Haya shemeji, weka foili chini, tuanze na vya bure. Piga picha ya skrini kwa kile kitufe cha kibodi, jitumie kwenye simu. Ukiiona mistari hata kwenye simu, ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Usipoiona, badilisha kwanza waya au monita. Zima, uwashe tena: mistari ikitokea kwenye nembo ya mwanzo, kabla Windows haijaingia, usipoteze usiku kubadilisha draiva. Na kama mazabodi ina tundu lake la picha, chomoa kadi uchomeke waya pale. Picha ikitulia, umeshampata mtuhumiwa, yeye au umeme unaomlisha.

Kabla ya kumhukumu, mpumzishe. Zima kila kitu, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini ushuke, kisha itoe. Hapa pwani vumbi na hewa ya chumvi havina huruma, na mijusi nao wana nyumba humo ndani. Safisha kwa brashi laini na hewa, ila shika panga za feni zisizunguke. Meno ya dhahabu ya kadi yafute taratibu kwa raba ya shule, yapanguse kwa spiriti safi, yaache yakauke, rudisha kadi mpaka uisikie inabana, na waya zake za umeme pia. Utashangaa ni kadi ngapi zimetangazwa marehemu kwa sababu ya vumbi tu.

Ya kwetu ilikuwa inazima baada ya dakika ishirini za video. Programu ya bure ya GPU-Z ilionyesha joto likipanda mpaka nyuzi 90 na ushee. Fundi alikuwa ameshasema imekufa, tununue mpya. Mume wangu akafungua skrubu nne kwa mtindo wa msalaba, akakuta pesti iliyo kati ya chipu na bati la kupoza imekauka kama chokaa. Akafuta, akaweka punje mpya, akarudisha vile vipande laini vya kwenye memori kila kimoja mahali pake (mimi nilivipiga picha kabla, kazi ya mke hiyo). Joto likashuka kwa nyuzi zaidi ya 15, na harusi ikatoka.

Pawa saplai usiifungue kabisa, hata ikiwa imechomolewa. Inahifadhi umeme wa kuumiza mtu.

Kama baada ya yote hayo mistari ipo, mpelekee fundi mwenye mashine ya hewa moto na umuulize amepima nini: ni memori ipi, au ni chipu yenyewe? Akijibu "imekufa tu", chukua kadi yako urudi nayo. Na kabla hajaanza, kubalianeni nyumbani kiasi cha mwisho mtakachotoa. Kikizidi, iuzeni kama spea. Feni na bati lake vina wateja.