Ndoa Haijamfelisha Mtu

Mwandishi aliyetaka wanafunzi wa vyuo vikuu wazuiwe kuoana hadi wahitimu, eti ndoa huua masomo, hajapita jioni Changanyikeni, mtaa jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Angewakuta vijana wa Mlimani na cheti chao cha ndoa, chumba kimoja cha kupanga, godoro na mtungi mdogo wa gesi. Mke anapitia noti za mtihani wa kesho, mume anachambua dagaa. Kesho zamu inageuka. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, kodi kwanza. Likichelewa, ugali na mchicha. Masomo yameuawa wapi hapo?

Kinachowabana ni hosteli zilizopangwa kwa waseja, na mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Hayo hakuyagusa. Wanaoishi kinyumba bila cheti nao hakuwakemea, ajabu! Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi huku wakijulikana kama mke na mume. Shahada nyingi huchukua miaka 3. Apige hesabu mwenyewe.

Akitaka kuwasaidia kweli, aviandikie vyuo vitenge vyumba vya wanafunzi wenye familia.